Betri Saba za Fundi Chediel

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kijiji chetu cha Misigiri kimepata bahati leo, ingawa chenyewe hakijajua. Magdalena, mtendaji wa kijiji, ametangaza mkutanoni kwamba walinzi wa ghala la alizeti watapewa tochi nane za kuchaji. Anatafutwa fundi mmoja wa kuzitunza. Mwenye nia aje Jumamosi na tochi yake, aionyeshe mbele ya kamati. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Akasema ameniona, niushushe.

Isaka naye alinyoosha. Isaka ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu Dorkas. Anatengeneza simu pale kituo cha basi. Mwoga sana. Hata redio akiifungua anavaa miwani. Mimi nimetengeneza baiskeli miaka ishirini na miwili na sijawahi kuvaa kitu usoni.

Nimeandika kwa chaki juu ya mlango wa kibanda changu cha baiskeli: CHEDIEL, FUNDI WA GHALA. Nilitaka tu kuona maneno yanavyokaa. Yanakaa vizuri.

Jumanne, 10 Juni

Singida Mjini. Nimekwenda dukani kwa Bhavesh, anayeuza tochi na vifaa vya umeme. Nilimwambia nataka zile betri za lithiamu, nene kama kidole gumba, na nataka yenye nguvu kuliko zote. Akaleta moja. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya nyingine, umbo lile lile, imeandikwa uwezo mara tatu ya hiyo yake. Akacheka kwa adabu. Akasema betri ya ukubwa huo haiwezi kubeba uwezo huo hata siku moja.

"Karatasi haikatai wino, fundi," akasema.

Halafu akaanza mafundisho. Ninunue yenye kinga ndani, inayojikata yenyewe isijazwe kupita kiasi wala kukaushwa kabisa. Niichaji kwa chaja yake, nikiwa karibu. Na kama tochi inachukua betri mbili, basi ziwe pacha: zimenunuliwa siku moja, zinachajiwa pamoja, zinatumika pamoja. Mpya haikai na kuukuu.

Nilimjibu kwamba ninao watoto pacha na hawafanani hata kwa tabia. Mkewe Ramila, aliyekuwa anapanga globu, akasema ndiyo maana hao hawafungiwi pamoja kwenye bomba la chuma.

Nimenunua betri moja mpya, kwa heshima ya duka. Nyingine sita nimezipata nyuma ya soko, ndani ya betri ya laptop iliyokufa. Mwenye nazo alikuwa anakwenda kuzitupa. Alinishukuru kwa kumpunguzia safari. Watu hawajui thamani ya vitu.

Jumatano, 11 Juni

Nimepasua betri ya laptop kwa kisu cha mboga cha Dorkas. Kisu kimepinda kidogo, nimekirudisha mahali pake. Betri sita zimetoka salama, ila tatu zimechanika maganda ya plastiki. Nimezivisha seloteipu ya bluu iliyobaki kwenye mahafali ya binti yetu Eliana. Sasa zinapendeza kuliko ya Bhavesh.

Isaka alipita kumsalimia dada yake. Akazitazama, akaacha kunywa chai. Akasema lile ganda si pambo, ndilo linalozuia chuma kisigusane na chuma, na likichanika betri haifai tena. Nikamkumbusha kwamba nimetia viraka mipira ya baiskeli kabla yeye hajajua kutembea.

"Mpira ukipasuka hauchomi nyumba, shemeji," akasema.

Nilikusanya betri zangu. Mtu mzima hajibizani na wivu.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya kushangaza. Nilikwenda kanisani kwenye maombi ya mchana. Nilikuwa nimetia betri moja mfukoni, pamoja na funguo za kibandani, ili baada ya ibada nimwonyeshe mjumbe mmoja wa kamati. Mwinjilisti Fabiano alipoanza kuomba, nikasikia joto pajani. Nikafikiri ni neema. Joto likaongezeka. Nikajua neema haiunguzi suruali.

Nilitoka kwa mlango wa pembeni nikiruka mguu mmoja, na kule bombani nikavua mbele ya kinamama waliokuwa wanateka maji. Kwenye mfuko, funguo zilikuwa zimegusa ncha zote mbili za betri. Nimepata lengelenge pajani na tundu kwenye suruali ya Jumapili. Baadaye nimeambiwa Fabiano aliwatangazia waumini kwamba mmoja wetu ameguswa. Sikuona sababu ya kumsahihisha.

Nimepata fundisho kubwa: funguo ni hatari. Tangu leo zinakaa mfuko wa shati.

Ijumaa, 13 Juni

Dorkas amesikia habari za bombani. Pia amekiona kisu. Ameamuru nisichaji kitu ndani ya nyumba yake, nichajie nje juu ya jiwe, na nikae hapo hapo. Nimekaa. Majirani wawili wameniuliza naatamia nini.

Betri mpya imejaa vizuri. Ile kuukuu niliyoichagua, yenye seloteipu nzuri zaidi, imekataa kujaa hata nusu. Nimetafakari. Nimeamua kuziweka zote mbili kwenye tochi yangu ndefu, yenye nguvu imsaidie dhaifu. Ndivyo familia zinavyoishi. Nashangaa Bhavesh hakuliona jambo rahisi hivi.

Jumamosi, 14 Juni

Saa nne asubuhi, ofisi ya kijiji. Isaka alianza. Tochi yake fupi, betri moja, mwanga wa kawaida. Alieleza kirefu kwamba mwanga ukianza kufifia uizime uichaji, usiikamue. Kamati ikatikisa vichwa. Nilimwonea huruma.

Zamu yangu. Niliomba madirisha yafungwe. Nikawasha. Ofisi nzima ikawa kama imemulikwa na lori. Magdalena alikinga macho kwa daftari. Baba mkwe wangu, Mzee Nathanaeli, ambaye ni mjumbe wa kamati, akaomba aishike. Nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akaigeuza, akamulika dari, akamulika kona zote. Kisha akasema, mbele ya watu:

"Chediel, hapa umefanya kitu."

Miaka kumi na tisa nimemwoa binti yake. Miaka kumi na tisa nimemngoja aseme neno hilo. Niliona hata picha ya ukutani inanitazama kwa heshima.

Baada ya muda akasema ni vuguvugu. Nikamwambia hiyo ndiyo nguvu yake. Akasema sasa ni moto, na inapiga mluzi. Nikamwomba aishike kidogo tu, wajumbe wa nyuma hawajaiona vizuri.

Isaka hakuomba. Alimpokonya baba yake tochi mkononi, akatoka mbio, akairusha kwenye lundo la mchanga wa ujenzi. Haijatulia, ikalipuka. Kichwa cha tochi kilipita juu ya paa la ofisi, mpaka sasa hakijapatikana. Moshi mweupe ukatoka kwenye bomba la tochi kama kwenye mdomo wa birika, kisha moto. Isaka alitufukuza sote tusiuvute ule moshi, na hata ulipokoma alikataza mtu asisogee karibu. Kiganja chake kilikuwa kimebabuka. Alikishikilia chini ya bomba la maji muda mrefu.

Mzee Nathanaeli alikaa kwenye ngazi ya ofisi akitazama mikono yake, kwanza upande huu, kisha upande huu. Nilikwenda kumwambia pole.

"Ungeniambia niitupe ningeitupa," akasema. "Wewe uliniambia nishike."

Nimeandika mistari mitatu hapa ya kujitetea. Nimeikata.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda kwa wakwe na jogoo. Nilimwamkia Mzee shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Isaka amefungwa bandeji. Daktari amesema kiganja kitapona. Yeye ndiye amepewa kazi ya ghala, na Mzee ndiye aliyempendekeza.

Isaka hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi. Aliniomba jambo moja, nimletee betri zote zilizobaki, kila moja nikiwa nimeifunika ncha zake kwa utepe, azipeleke mjini kwa wanaokusanya betri mbovu. Nilizileta zote tano. Nilitembea nazo kwenye ndoo ya mchanga, mkono umenyooka mbele kama nimebeba nyoka.

Jumanne, 17 Juni

Magdalena ameniita niongee na walinzi wa ghala. Isaka atawafundisha namna ya kutunza tochi, mimi nieleze yaliyonipata, wapate mfano. Mfano! Nilivaa koti.

Walimsikiliza Isaka wakipiga miayo, hata alipoonya kwamba betri iliyovimba haiguswi. Nilipoanza mimi, hakuna aliyetikisika. Niliwaonyesha lengelenge la paja. Nilipofika kwenye mluzi, mlinzi mmoja alisogeza kiti nyuma. Katika masimulizi yangu moto ulifika kwenye mawingu, na hakuna aliyepinga. Mzee Nathanaeli, aliyekuwa mlangoni, alicheka mara moja. Fupi, lakini niliisikia.

Magdalena ameandika jina langu kwenye muhtasari. Ameniomba nirudie habari hiyo kwa walinzi wa Nduguti mwezi ujao. Isaka hajaombwa kwenda Nduguti.

Alhamisi, 19 Juni

Leo dereva wa lori la vyuma chakavu ameharibikiwa mbele ya kibanda changu. Tumeongea. Nimemweleza kwamba mimi ndiye mzungumzaji wa wilaya kuhusu betri. Akasema basi anayo zawadi ya mtu kama mimi, akanishushia betri nzima ya baiskeli ya umeme. Kubwa kama tofali, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja. Itawasha kanisa lote na nyumba ya Fabiano.

Isaka amenikataza betri ndogo. Kuhusu kubwa hakusema lolote, na nilimsikiliza kwa makini.

Nimeiweka chini ya kitanda, upande wa Dorkas, ambako hakuna mtu atakayehangaika kuitafuta. Imevimba kidogo ubavuni. Nimeipapasa kwa kiganja, inadunda kama tumbo la ndama aliyenyonya.

Imeshiba.