Mji wa Kale Nyuma ya Nyumba ya Shangazi

Mkurugenzi hakuwa na ofisi wala karani, na wakati mambo haya yanaanza hakuwa hata na soksi. Lakini jina lile hakuliiba. Alikwisha kuwa mkurugenzi wa chuo cha udereva kisicho na gari, mkurugenzi wa timu ya mpira iliyokuwa na jezi tu bila wachezaji, na kwa wiki tatu nzima mkurugenzi wa mradi wa kuwapa wazee miwani, uliokufa wazee walipoanza kugongana na milango.

Asubuhi hiyo alikuwa amekaa kivulini kwenye lango la magofu, pembeni ya mji, akisubiri mgeni mwenye sura ya kupotea ili amwonyeshe njia kwa ada. Akachungulia ndani. Kulikuwa na watu sita, watu wazima na viatu vyao vizuri, wamepiga magoti wanasugua mawe kwa miswaki. Jua linawapiga utosini, jasho linawatiririka, na wote wanatabasamu.

"Hawa wamefungwa kwa kosa gani?" akamuuliza mkata tiketi.

"Hawajafungwa. Wanajitolea."

"Wanalipwa nini?"

"Hawalipwi," akasema mkata tiketi. "Wanalipa."

Mkurugenzi akamwomba arudie. Mkata tiketi akarudia polepole, kama anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa. Watu wanatoka mbali, wanalipia chumba, wanalipia na ada ya kujitolea, wanasugua mawe ya kale, wanapiga picha, wanapewa cheti, wanaondoka wakishukuru. Mkurugenzi akavua kofia. Miaka yote hiyo ya kuhangaika na mji, kumbe duniani kuna watu wanaotoa pesa ili wafanyishwe kazi, na hakuna hata mmoja aliyemnong'oneza!

Sasa msije mkamwona mlafi. Mtu alikuwa na shida yake. Shangazi yake, aliyemlea tangu hajui kufunga vifungo, alikuwa na kiwanja nyuma ya nyumba, kimepakana na ukuta wa magofu, kichaka kitupu. Mkurugenzi alikuwa na miaka arobaini na moja na alilala kwenye stoo ya huyo shangazi, kati ya gunia la mkaa na vyungu kumi na vinne ambavyo shangazi alivipenda kuliko ndugu wengi. Juzi yake shangazi alikuwa amesafiri kwenda kwa binti yake aliyejifungua, na kabla ya kupanda basi alimwachia neno.

"Nakaa mwezi mmoja. Nikirudi nikute msingi wa nyumba na shimo la choo. Nikivikuta, kiwanja nakuandikia. Nisipovikuta, nampa mdogo wako."

"Shangazi, mwezi mmoja tu?"

"Miaka arobaini na moja haikukutosha?"

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwenye mashine tatu na midomo iliyojaa pini, na kila alipomtazama kaka yake alikuwa kama anampima suti ya mazishi. Mkurugenzi alikuwa radhi apoteze vyote, lakini si kwa huyo. Na kuchimba mwenyewe alikwisha jaribu siku moja, tangu alfajiri mpaka saa moja asubuhi, mgongo ukakataa.

Basi jioni ile ile shirika likazaliwa. Tangazo akalirusha kwa simu: Njoo Ufukue Mji wa Kale kwa Mikono Yako. Picha ilikuwa ya kichaka cha shangazi, imepigwa kwa pembe ambayo banda la kuku la jirani lilionekana kama mnara. Mji wa kale unahitaji vigae, naye vigae hakuwa navyo. Akaingia stoo na nyundo. Alikusudia kuvunja chungu kimoja, kile chenye ufa. Lakini sanaa haina kiasi, alipopumzika vilikuwa vimekwenda saba. Akavizika kichakani, kina cha goti, si zaidi, kwa sababu ya mgongo.

Wakaja wanne. Alikuja mume na mke wenye duka la dawa, waliokuwa wakitafuta kitu cha kuwaambia watu kanisani na kazini. Alikuja mhasibu aliyekuwa likizo, mtu wa mabega mapana aliyechoka kukaa. Na alikuja mwalimu mkuu mstaafu, mama mfupi mwenye daftari lenye mistari, aliyelipa ada yake na kuomba stakabadhi. Mkurugenzi hakuwahi kuandika stakabadhi maishani. Akaiandika kwa mwandiko wa kupinda, akajisikia mtu.

Siku ya kwanza akawasimamisha mbele ya kamba alizozivuta kati ya vigingi.

"Hapa," akasema kwa sauti ya chini, "ndipo alipolala malkia. Hapa watoto wake. Na hii ilikuwa sebule ya wafalme."

Mhasibu akahesabu kwa kidole. "Wafalme walikuwa na vyumba viwili na sebule?"

"Walikuwa watu wasiopenda makuu."

"Na hii mitaro mbona yote ina upana mmoja?"

"Ndiyo kipimo kinachotumika dunia nzima, ndugu yangu. Ukizidisha, historia inamwagika."

Wakachimba. Walichimba namna ambayo Mkurugenzi hakuwahi kuona mtu akichimba, hata kwa mshahara. Siku ya pili mwenye duka la dawa akapata kigae, mkewe akalia machozi. Siku ya tatu mume akapata kingine, akatazama kulia na kushoto, akakitumbukiza kwenye soksi. Mkurugenzi alimwona na roho yake ikatulia. Mtu akikuibia kitu cha bandia, hamdaiani kitu. Mwalimu naye akapata chake. Akakifuta, akakinusa, akapitisha kidole kwenye masizi, kisha akamtazama Mkurugenzi juu ya miwani. Hakusema neno, akaandika tu kwenye daftari. Yeyote aliyewahi kupita shule anajua mwalimu anayepiga kelele si wa kuogopwa, wa kuogopwa ni yule anayenyamaza na kuandika. Mkurugenzi shule aliipita kwa nje.

Mitaro ilipokamilika akawaambia kazi sasa ni kuhifadhi. Wafukuaji wengi, alisema, hufukua wakaenda zao, mvua ikaja ikaharibu. Wao watajaza mitaro mawe na saruji, isawazishwe kwa pima maji. Wakajaza. Siku ya kumi na mbili msingi ulikuwa umenyooka kuliko maisha yake yote.

Jioni hiyo, wageni walipokwenda kuoga, Mkurugenzi aliingia katika chumba cha malkia akalala chali kwenye udongo. Akapanga kitanda kitakaa wapi. Akapanga dirisha. Mlango ndio aliopanga muda mrefu zaidi, mlango wenye kitasa na ufunguo mmoja, na huo ufunguo mfukoni mwake. Hakuwahi kuwa na mlango. Yule mtu wa maneno mengi alilala pale kimya, na nitakuwa mwongo kama yeye nikisema hakutokwa na chozi.

Likabaki shimo la choo. Alichagua kona ya mwisho, ambapo udongo ulikuwa laini ajabu, jembe linaingia lenyewe. Aliwaambia hazina zote za dunia huwa futi kumi na mbili chini. Mhasibu akavua shati. Baada ya siku mbili sauti yake ikatoka shimoni.

"Mkurugenzi! Kuna mawe huku! Yamepangwa mduara!"

Mkurugenzi akachungulia na moyo wake ukachanua. Mawe kweli yalikuwa yamepangwa, yamezunguka vizuri, yanashuka chini. Vitu vyote vya kale katika kiwanja kile alivizika yeye, hili alilijua kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo alijua palepale kile ni nini. Babu yake aliwahi kuchimba choo akaishia njiani. Babu wa watu! Nusu ya kazi imekwisha!

"Hicho," akatangaza, "ni kisima cha malkia."

"Cha miaka mingapi?" akauliza mwalimu.

"Mia saba, mama."

"Una hakika?"

"Kama si kweli, nivuliwe ukurugenzi."

Mhasibu akapandisha bakuli dogo la kijani, limemeguka ukingo, linang'aa chini ya tope. Bakuli la babu la kunyolea ndevu, akawaza Mkurugenzi. Akampa mwalimu kwa mikono miwili, kama zawadi ya shirika.

"Zawadi sitaki," akasema mwalimu. "Wewe niandikie tu hapa kwamba limetoka kisimani, kina chake, na hiyo miaka mia saba. Kisha utie sahihi."

Mkurugenzi hakuwahi kunyima mtu sahihi. Akaitia, na mkia wake chini.

Siku ambayo shangazi alikuwa arudi, Mkurugenzi aliamka mapema akafagia msingi. Lakini wa kwanza kufika hakuwa shangazi. Alifika bwana mmoja mwenye buti na kofia ya jua kutoka ofisi ya mambo ya kale, mwalimu akiwa pembeni yake na daftari. Bwana yule alishuka shimoni na tochi. Alikaa huko muda mrefu. Alipopanda alikuwa anapumua kama aliyekimbia.

"Miaka mia saba," akasema. "Pengine zaidi. Nani mwenye kiwanja?"

"Ni mimi, kuanzia leo," akasema Mkurugenzi kwa fahari.

"Hongera. Kuanzia leo hairuhusiwi kujenga hapa. Huu msingi utavunjwa, taratibu, kwa mkono. Huwezi kujua chini yake kuna nini."

Mkurugenzi aliona mlango wake ukiondoka, na kitasa, na ufunguo. Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka arobaini na moja.

"Bwana mkubwa, nitasema ukweli! Hakuna mji wa kale! Nimewadanganya wote!"

Mke wa mwenye duka la dawa akashika kifua. Mumewe akainama kufunga kamba ya kiatu na kigae kikatoka kwenye soksi.

"Vigae vyote nimevizika mimi!"

"Vigae najua," akasema bwana wa ofisi. "Mtoto wa chekechea angejua. Mimi nazungumzia kisima."

"Si kisima, ni choo cha babu yangu!"

"Na bakuli hili? Babu yako aliagiza kutoka ng'ambo ya bahari, kabla hajazaliwa?" Akamwonyesha karatasi. "Na sahihi hii ya nani? Wenye viwanja wote ni wamoja. Wiki jana mmoja aliapa mbele yangu kwamba ukuta wa kale ni banda lake la mbuzi."

"Wallahi nakwambia, mimi ni mwongo! Ulizeni mji mzima! Vigae ni vyungu vya shangazi yangu, nimevivunja mwenyewe kwa nyundo, saba, nikavihesabu!"

Kati ya watu wote pale alikuwapo mmoja tu aliyemwamini, naye alikuwa amesimama nyuma yake na begi la safari kichwani.

"Saba?" akasema shangazi.

Mkurugenzi hakugeuka. Kugeuka kungeharakisha mambo.

"Shangazi. Umefika salama? Mtoto mzima? Hebu waambie hawa, babu si alichimba choo pale kona?"

Shangazi akashusha begi. "Babu yako hakuwahi kuchimba hata shimo la mhogo. Uvivu umeutoa kwake, wewe umeongezea maneno tu."

Bwana wa ofisi akaandika hilo pia.

Mwalimu alikuja kumuaga kabla ya kuondoka. Akampa kile kigae chake, chenye masizi.

"Hiki bado kinanuka kitoweo, mwanangu. Vyungu nilivijua siku ile ile. Nilikaa kwa sababu nilikuwa nataka kuona utaishia wapi. Kisima ndicho ambacho hukukijua wewe."

"Mama, si ungeniambia?"

"Nilikuuliza kama una hakika," akasema mwalimu. "Ulisema una hakika."

Shangazi alipewa kiwanja kingine badala ya kile, kizuri, karibu na barabara. Hakukuwa na msingi juu yake wala shimo, na shangazi hana tabia ya kula maneno yake. Leo kina nyumba ya vyumba vitatu na mashine nne za cherehani. Usiku wa kwanza baada ya hukumu hiyo alimwita Mkurugenzi jikoni.

"Mchimba kisima..." akaanza.

"Shangazi, nakuomba, usimalizie."

Ukipita pale magofuni siku hizi, ukuta wa uzio umebomolewa na kiwanja kimeingizwa ndani. Kisima kimezungushiwa kamba, na kando yake kuna mwanamume wa makamo, amepiga magoti, anasugua mawe kwa mswaki. Shangazi ndiye aliyempeleka, akasema mwenye ujuzi wa kujitolea asipotee bure. Siku moja kijana mjanja mjanja, suruali imepigwa pasi, alikuwa amekaa kivulini langoni. Akamtazama sana yule mtu na jua lake.

"Yule mzee wanamlipa nini?" akamuuliza mkata tiketi.

"Halipwi."

"Anajitolea?"

"Analipa," akasema mkata tiketi. "Chungu kimoja kila mwezi. Bado vitano."