Nyanya ya Kwanza ya Bibi Rada

Jumapili, Juni 22
Wiki moja tu mpaka Sikukuu ya Mtakatifu Petro! Siku hiyo Bibi Rada, mkubwa wa mtaa, hupita bustani kwa bustani akichuma kwa mkono wake. Mwenye nyanya ya kwanza kuiva hukaa kiti cha mbele kwenye sherehe na kuwamiminia wengine rakia, pombe yetu kali ya matunda. Jirani yangu Nedyalko amekikalia miaka sita. Sita! Mwaka huu ni mimi, Zapryan, dereva mstaafu wa treni. Nimeimwagia miche samadi mbichi ya kuku, ndoo nne. Mke wangu Stanka kasema nitaiunguza. Anajua nini!

Jumanne, Juni 24
Imeungua. Umebaki mche mmoja, karibu na mzabibu. Nyanya zake kijani tupu, hazina haraka. Nedyalko kachungulia juu ya ua, kauliza kama siku hizi nalima tumbaku, maana majani yamekauka vizuri sana. Nikacheka. Moyoni nilimtukana hadi babu yake.

Alhamisi, Juni 26
Nimeenda sokoni mjini. Nimenunua nyanya moja, nene, imeiva barabara, na kikonyo chake. Stanka kauliza mbona moja. Nikasema ya mbegu. Huu si udanganyifu. Nausaidia mche uliochelewa.

Jumamosi, Juni 28
Tayari! Nimeifunga mcheni alfajiri. Kikapu cha nyuzi kiko chini ya kitanda, na Stanka alikuwa juu yake, amelala. Basi nikachukua uzi uliokuwa ukining'inia kwenye mti wa plamu, ule mwekundu na mweupe tunaouvaa Machi na kuutundika mtini maua yakitoka. Wakati nafunga, tawi la chini likakatika. Lilikuwa na nyanya tatu, moja imeshakuwa nyekundu nusu nzima. Sikuwa nimeiona chini ya majani. Nimewatupia kuku, wale ushahidi. Nyanya yangu inang'aa. Machozi yamenitoka, sioni aibu kusema.

Jumapili, Juni 29
Fedheha! Mtaa mzima bustanini kwangu. Bibi Rada akavuta nyanya. Haikuja. Akavuta tena, ikaja na uzi, urefu wa mkono. Akauliza kwa upole tangu lini nyanya zinavalishwa uzi wa Machi. Nedyalko alicheka mpaka akashikilia ua. Tukahamia kwake. Nyanya yake yenyewe ni kijani, ina wekundu kidogo shavuni, doa la saizi ya kifungo cha shati. Hiyo ndiyo imeshinda! Stanka akaninong'oneza kwamba jana kuku wetu waligombania nyanya iliyoiva kuliko ile. Nedyalko kanimiminia rakia mwenyewe: "Kunywa, jirani. Mwakani funga tikiti maji." Nilikunywa. Iliniuma hadi tumboni.

Jumatatu, Juni 30
Nimekaa na kutafakari kwa makini kosa langu lilikuwa wapi. Nimeliona. Mchana nimeenda dukani. Nimenunua uzi wa kijani.