Spika Inayoomba Ruhusa

Jumatatu, 12 Mei 2025
Mjukuu wangu Violet kaniletea spika kutoka Dar. Inaongea. Kazi ya Violet huko ni kuitungia maneno ya kuombea ruhusa, sasa anayapima kwa sisi wazee wa Kibosho. Nikaiwasha. Ikauliza kama nakubali sauti yangu ihifadhiwe miezi sita, niseme ndiyo au hapana. Hata kuamkia haijaamkia. Nikasema hapana. Kumbe majibu yanamfikia Violet huko huko; muda si muda akapiga simu kuuliza kwa nini. Tangu Krismasi hajapiga. Nikamwambia mgeni haombi kitu kabla ya shikamoo. Akacheka, akaandika.

Nimeushika mchezo. Ukikubali, kazi imekwisha. Ukikataa, simu inalia.

Jumatano, 14 Mei
Spika imeniamkia. Nikaitikia marahaba, nikakataa. Violet akapiga. Nikasema sijaambiwa sauti inafungiwa wapi na funguo anazo nani. Akasema, Bibi, swali zuri sana. Najua. Tumeongea mpaka mtori ukaungua. Nimeula hivyo hivyo.

Ijumaa, 16 Mei
Sasa inaamkia, inamtaja mwenye funguo, inasema naweza kuagiza sauti ifutwe siku yoyote. Mtoto ana akili, kaniziba njia zote. Nikakataa, nikasema ina mafua. Violet hakupiga. Mvua tu, na migomba kudondosha maji. Jioni nikapiga mimi. Simu yake inatumika. Saa hiyo hiyo nasikia Hilaria, jirani yangu ng'ambo ya mfereji, anacheka: eee, Violet, hebu nieleze tena. Kumbe naye kapewa spika, na anadai haelewi. Huyu kasoma mpaka la saba. Mimi la tatu nimeelewa.

Jumapili, 18 Mei
Baada ya misa nimemfuata Hilaria kwake. Nimweleweshe, akubali, simu zake zikome. Nikaeleza neno kwa neno. Yeye ananiongezea kahawa, anauliza tena. Tukala kwake. Saa nane akaniambia polepole: Mama Primus, mimi nilielewa siku ile ile. Ila tangu mzee aondoke nyumba haina wa kusema naye. Uje na kesho, nitapika kiburu.

Mwongo mkubwa. Mtu mzima anajifanya haelewi ili apate wa kuongea naye. Nikamwambia kesho nina shughuli.

Nimerudi, nimefunga mlango, nimewasha spika. Nimesema hapana. Kesho sitoki. Violet akipiga anikute.