Mahari ya Ubao Uliopinda

Jumapili, 7 Septemba

Posa imejibiwa. Si ndiyo, si hapana. Ni ubao.

Niandike kwa utulivu, jambo baada ya jambo. Mimi Mansour, miaka arubaini na mbili, karani wa mafaili hospitalini, mkaazi wa chumba cha nyuma kwa dada yangu Zahra hapa Barking, nimemposa Mardhiya. Kazi yake kunyoosha viungo vya wagonjwa. Mapumziko yake kwenda Cornwall kusimama juu ya mawimbi. Leo ami yake, Ami Sultan, ambaye ndiye walii wake, ametuita kutupa jibu. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyemeza pilipili nzima, kwamba bi harusi ametaja mahari yake. Hataki dhahabu. Anataka ubao wa kuteleza mawimbini. Uwe imara, usiokatika, wa mawimbi ya kasi na ya wima. Ule wa zamani umekatika vipande viwili mwezi uliopita.

Nikajibu papo hapo kwamba mambo ya mawimbi nayajua, mimi nimezaliwa Pemba. Kweli nimezaliwa Pemba. Wete, nyuma ya karakana ya baba. Bahari niliivuka mara moja, kwenda Unguja, na nilitapika mpaka Unguja. Hilo sikulisema.

Muda niliopewa ni Jumapili mbili. Ubao usipofika tarehe 21, mlango atafunguliwa Muhsin, mposaji mwenzangu, mwenye nyumba Stanmore na meno yote.

Mardhiya muda wote alitazama viganja vyake. Wakati wa kuaga akaniangalia mara moja tu. Nimeubeba ule mtazamo mpaka nyumbani, polepole, usije ukamwagika.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepitiliza kituo. Nilikuwa kwenye treni kwa mwili tu. Kwa roho nilikuwa Cornwall, nimesimama mchangani na taulo begani na chupa ya chai ya tangawizi, na Mardhiya anatoka majini, amelowa, anacheka, ananiita kwa jina. Nilipofungua macho ilikuwa Upminster. Mwisho wa reli. Mtu wa usafi akaniomba ninyanyue miguu.

Nimejiunga na kundi la waendesha mbao mtandaoni. Nimejitambulisha kama Kapteni M., miaka ishirini baharini. Nikauliza ubao gani unafaa mawimbi ya kasi na ya wima. Wote wamejibu kwa swali moja: mpandaji ana kilo ngapi?

Kilo! Kimo chake nakijua, anafika sikioni kwangu. Lakini kilo za binti wa watu mtu anaziulizaje, hata ndoa haijafungwa? Zahra anasema nimuulize mwenyewe tu, anakaa mitaa miwili kutoka hapa. Dada yangu ni mwema lakini hajui mikakati.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimezipata kilo. Penye nia pana njia.

Jioni Ami Sultan na Mardhiya walikuwa waje kurudisha masinia ya posa. Nikanunua mizani, nyembamba kama daftari, inayotuma kilo moja kwa moja kwenye simu. Nikaiweka mlangoni, nikaifunika kwa zulia jipya. Mimi jikoni, simu mkononi, pumzi nimezibana.

Kengele ikalia. Nikamsikia Ami Sultan akilalamika kwamba sakafu za nyumba hizi zimeoza, zinabonyea. Hapo hapo simu ikatetemeka. Tisini na nane.

Nilikaa juu ya ndoo. Sikutarajia. Lakini nilipotulia moyo wangu haukupungua hata chembe. Nikajiona nimeshikana naye mkono kwenye upepo mkali, upepo unanipeperusha mimi, na yeye ananishikilia. Nikafurahi sana.

Masinia yamerudi na visheti, kwani kwetu sinia halirudi tupu. Walipoondoka Zahra akamsifu Mardhiya kwa adabu. Eti alivua viatu nje, akaliruka zulia asilichafue. Sikumsikiliza vizuri, nilikuwa naandika 98.

Jumamosi, 13 Septemba

Queensbury, kwa Akil. Akil ni mzaliwa wa Mombasa, anauza masanduku ya safari. Binamu yake Shamir alikuwa na duka la vifaa vya bahari pwani ya nchi hii, akalifunga, na mbao zake kumi na mbili sasa zimesimama nyuma ya masanduku. Kila moja Shamir ameibandika karatasi. Nikasoma moja: mawimbi ya kasi na ya wima, pua imeinuka, mkia mwembamba, faibaglasi tabaka mbili juu na moja chini, haukatiki.

Nikasema ndio huo huo. Akil akauliza kilo. Nikamwambia. Akasema basi, bwana, huo mfupi hautoshi, chukua ndugu yake mkubwa, futi saba. Akanipunguzia bei na kuniombea dua.

Futi saba ndani ya treni ya chini ya ardhi! Ulisimama mshazari kama mlevi. Mzee mmoja wa Kisingasinga, mwenye kilemba cha buluu, aliushika mkia kutoka Queensbury mpaka Baker Street bila kuuliza chochote. Aliposhuka akaupapasa. Nikaona hata wageni wameubariki.

Jumapili, 14 Septemba

Nimedanganywa.

Nimeulaza chumbani kuutazama vizuri. Tumbo liko sakafuni lakini pua iko juu angani. Na mkia nao umenyanyuka. Umepinda! Unyevu wa stoo ya Akil, hakuna kingine. Ile karatasi ya Shamir kumbe ilikuwa ya kuuficha ugonjwa kwa kuuita sifa.

Marehemu baba alitengeneza vitanda. Alikuwa akifumba jicho moja na kuutazama ubao kwa urefu wake, na ukipinda kwa unene wa uzi anautupa upande wa kuni. Ubao uliopinda ni kuni, ndivyo alivyokuwa akisema, na nusu ya Wete walilala kwenye vitanda vyake bila kitanda kulia hata mara moja. Leo nimefumba jicho moja. Nimemuona baba akitikisa kichwa.

Siwezi kumpa Mardhiya kuni. Lakini samaki mkunje angali mbichi, na ubao wenyewe bado mpya. Chini ya ngazi kuna mchele ambao Zahra ameshanunua kwa ajili ya walima, magunia manne ya kilo ishirini. Gunia moja puani, moja mkiani. Siku chache tu.

Jumanne, 16 Septemba

Muhsin amekuja. Eti alimletea Zahra barua iliyopotea njia. Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi, akauona ubao chini ya mchele. Akasimama muda mrefu. Kisha akaniambia, kwa upole wa kinafiki, kwamba yeye si mtaalamu, ila mbao zile huwa zimepinda makusudi, nisije nikauvunja.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu anayemtaka Mardhiya anishauri mimi nimpelekee Mardhiya ubao uliopinda! Nilimshukuru, nikampa chai, nikamsindikiza mpaka getini. Kisha nikaongeza gunia la tatu.

Kazini nimeandika jina lake kwenye faili la mgonjwa wa goti. Mardhiya, Mardhiya, Mardhiya, mara tatu. Msimamizi wangu Leonard ameuliza kama huyo mgonjwa ana magoti matatu.

Alhamisi, 18 Septemba

Asubuhi, nikiwa napiga mswaki, nimesikia ta.

Sauti ndogo tu. Lakini kila mtoto wa seremala anaijua.

Umepasuka chini ya pua, upana mzima. Kwa ndani ni povu jeupe, hata si mti. Nimekaa karibu nao mpaka nimechelewa kazini. Nilihuzunika kama mtu aliyemuumiza mnyama. Halafu akili ikarudi. Kwanza, pua sasa imenyooka, hilo lazima lisemwe. Pili, kuna gundi ya viatu. Tatu, kuna utepe mweupe wa mafundi umeme. Nne, Zahra ana shuka jipya la mawaridi. Mahari iliyofungwa vizuri hakuna anayeifungua mbele za watu. Ikishapita ndoa, tutacheka pamoja.

Jumapili, 21 Septemba

Ameufungua mbele za watu.

Sebule ya Ami Sultan. Zahra kushoto kwangu, Ami Sultan kwenye kiti chake, ubao katikati umefunikwa mawaridi. Mardhiya akapiga magoti, akalifungua shuka fundo baada ya fundo. Akauinua upande mmoja, akauliza ubao huu mkubwa namna hii ni wa nani. Nikamwambia wake, wa kilo tisini na nane kamili, na kwamba kwangu mimi kila kilo ni neema.

Kisha Ami Sultan akakohoa, akasema tisini na nane ni yeye, daktari amemwambia juzi.

Mardhiya alicheka mpaka akakaa sakafuni. Zahra alijifunika uso kwa mtandio. Mimi nikamuona Muhsin akifungua milango yote ya Stanmore.

Kisha kidole cha Mardhiya kikapita chini ya pua na kusimama kwenye utepe. Kicheko kikaisha. Akauliza kimetokea nini. Nilikuwa na majibu manne tayari, nikafungua mdomo, ukatoka ukweli. Nikamweleza mchele. Nikamweleza baba na jicho lake moja, na vitanda ambavyo havikulia. Nikaishia pale kwenye kuni.

Kisha akaniambia, polepole kama anavyosema na wagonjwa wake, kwamba wimbi la wima ni ukuta unaoanguka. Ubao ulionyooka pua yake inachoma chini, na wewe unaufuata. Ule mpindo ndio unaomtoa mtu salama. Akasema baba angelijua hilo angeliupenda.

Halafu akasema neno lililoniuma kuliko yote. Alijua habari za mchele tangu Jumanne, Muhsin alimpigia simu kwa kuuhurumia ubao. Siku tano alikuwa akingoja nije kumuuliza. Kununua ubao anaweza mwenyewe siku yoyote. Alitaja mahari ile aone kama yupo mwanamume atakayekuja kumuuliza anapenda nini. Mitaa miwili tu, akasema.

Nililia kidogo, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Ami Sultan akaanza kutafuta namba ya Muhsin. Mardhiya akamwomba aiweke simu. Akasema nimepewa wiki moja. Jumamosi twende Queensbury sote, achague yeye, mimi nibebe. Na pakiwa na jambo lolote, nimwambie yeye kwanza.

Jumamosi, 27 Septemba

Leo nimejifunza mengi kuliko shule nzima.

Alichagua kwa dakika kumi. Ni ule mfupi, ule wenye karatasi ya Shamir niliyoisoma siku ya kwanza. Akaugonga kwa kifundo cha kidole kusikiliza faibaglasi, akapitisha kiganja kwenye mpindo wa pua, akafumba jicho moja na kuutazama kwa urefu wake. Sawasawa na baba. Ilibidi nijishike kwenye sanduku la magurudumu. Nikamuuliza kila kitu, kwa nini mkia mwembamba, kwa nini tabaka mbili, naye akanijibu kila kitu, na mimi nikaandika kiganjani. Akil akatupa chai ya maziwa. Ami Sultan akajipima kwa hiari kwenye mizani ya mizigo. Tisini na saba, akafurahi.

Kwenye treni Mardhiya alikaa mbele yangu, ubao katikati yetu. Akaniuliza kama nitakuja naye Cornwall. Nikasema nitakuja, nitasimama mchangani na taulo na chai. Akasema hiyo inatosha. Tulipitiliza Barking sote wawili. Ami Sultan alikuwa amelala.

Ndoa ni Jumapili ijayo, tarehe 5. Mahari hukabidhiwa siku hiyo mbele ya mashahidi, na Ami Sultan alitaka ubao ukae kwake mpaka hapo. Mardhiya akakataa. Akasema ukae kwangu, ananiamini.

Ananiamini. Nimeulaza chumbani, jua la alasiri liko juu yake, ni mzuri mpaka nashindwa kutoka nje. Pua naielewa sasa. Pua siigusi, wallahi. Mpindo ni uhai, nimeuandika kiganjani na sijanawa.

Lakini mkia. Nimefumba jicho moja. Mkia umependelea kushoto, unene wa uzi. Mardhiya hakuuona, dukani taa ilikuwa hafifu. Nimpigie simu nimwambie? Bi harusi ana mambo mengi wiki hii, kwa nini nimsumbue kwa uzi mmoja. Zahra yuko sokoni.

Gunia moja tu. Nusu gunia. Mpaka Jumatatu.