Kisu cha Kuchonga Kingo

Jumatatu, 6 Novemba 1978

Siku mbaya kwa taifa. Kwangu bado sijui.

Redio imerudia habari za nduli wa ng'ambo ya mpaka. Ameukalia upande wote wa kaskazini ya mto Kagera, amechoma nyumba, amebeba ng'ombe na watu. Wakimbizi wa kwanza wameshushwa kijijini kwetu leo, wamewekwa shuleni. Mama mmoja ameteremka kwenye lori amekumbatia mlango. Mlango wa nyumba yake, na bawaba zake. Nyumba yenyewe haipo tena. Nimeshindwa kumwangalia usoni.

Mchana amekuja Bwana Amri, afisa wa viwanda vidogo, kutoka Biharamulo mjini. Karakana ya kijiji ina mafundi wawili tu: mimi, Bonaventura, na Novatus, mume wa dada yangu Deodata. Bwana Amri kasema jeshi linataka machela za kukunja, za kubebea majeruhi. Hospitali itashona turubai. Sisi tutengeneze bushi, vijibomba vya chuma vya kuungia miti ya machela, pamoja na pini zake. Akasisitiza jambo moja: mdomo wa kila bushi uchongwe mshazari, ukingo uwe laini. Mbebaji atakuwa anakimbia, mikono inatetemeka. Pini ikigoma kuingia, mtu anakufa. Ukingo ukiwa na makali, mbebaji anakatwa vidole.

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejali. Na kweli nilijali!

Kisha akatoa la pili. Mgambo wanataka mtu mmoja kutoka karakana yetu aende vitani. Mwingine atabaki kama fundi muhimu. Atakuja Ijumaa kutazama kazi ya kila mmoja, ndipo aamue.

Novatus ana miaka ishirini na kitu, ana mapafu kama ya ng'ombe, na huimba nyimbo za taifa hata akioga. Mimi goti linauma kila mvua ikinyesha. Nani aende? Hata mtoto angejibu.

Jumanne, 7 Novemba

Tumefungua kasha la visu vya mashine. Bruda Mwitaliano wa misheni alituachia kasha hilo, pamoja na mashine ndogo ya kuchonga chuma, aliporudi kwao. Visu vya kuchongea mshazari vimo vitatu. Kimoja kifupi, kina meno manne. Kimoja chembamba, jino moja tu, kimezeeka, kina rangi ya chai. Cha tatu kinene, kinang'aa kama pete ya askofu, ncha yake ni ya kabaidi, chuma kigumu kuliko vyote.

Nikakidaka hicho cha tatu haraka kabla Novatus hajanyoosha mkono. Nikamwambia kwamba mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo natangulia kuchagua.

Novatus hakubisha. Hilo ndilo linaloniudhi kwake. Akasema tu, "Shemeji, mashine yetu ni dhaifu. Kabaidi haipendi kutikiswa, inavunjika kama glasi. Afadhali hicho cha jino moja, kinakula kidogo kidogo."

Nikamuuliza tangu lini kitu cha zamani kikashinda kipya. Akacheka. Amekwenda zake na kile cha jino moja. Maskini!

Jumatano, 8 Novemba

Siku ya aibu. Ashukuriwe Mungu hakuna aliyeona.

Nilimsubiri Novatus aende kupeleka maji shuleni kwa wakimbizi. Nikafunga kisu changu king'aacho, nikawasha. Mashine ikaanza kutetemeka yote, meza ikatetemeka, meno yangu yakatetemeka. Nikapunguza mwendo. Ikalia kama mbuzi anayechinjwa. Nilipotoa bushi, mdomo wake ulikuwa kama taya la mamba. Nimeitupa chooni.

Nikajaribu cha meno manne. Nafuu kidogo, lakini meno yote yanauma kwa pamoja na kamashine ketu hakawezi. Mawimbi ukingoni kote.

Kisha nikachukua bushi ambazo Novatus alichonga asubuhi. Nikapitisha kidole mdomoni. Laini kama shavu la mtoto! Pini ikaingia yenyewe, bila kusukumwa.

Nimekaa juu ya ndoo nikifikiri. Kumbe ufundi si mikono. Ufundi ni kisu. Na kisu ni kitu kinachoweza kupotea.

Alhamisi, 9 Novemba

Kimepotea.

Nilikichukua alfajiri, nikakizungushia kitambaa, nikakificha nyumbani ndani ya gunia la maharage. Nani hutafuta chuma kwenye maharage? Generoza, mke wangu. Adhuhuri ameniletea chakula karakana na uso uliokunjamana. Kaniita pembeni. Akaniuliza kwa nini maharage yetu siku hizi yana chuma cha pua. Nikamwambia ni siri ya serikali. Akaondoka bila kuaga.

Novatus ametafuta kila mahali. Amepiga magoti, amechungulia chini ya jenereta, amepepeta vumbi la chuma kwa ungo wa Deodata. Nami nikatafuta naye, tena kwa bidii kuliko yeye. Nikadokeza kwamba wakimbizi wengi hupita hapa. Akanikatiza, mara ya kwanza tangu nimjue. Kasema mtu aliyeachiwa mlango tu hawezi kuiba kisu cha jino moja.

Mwishowe nikamwonea huruma. Nikampa kisu changu cha kabaidi kwa majaribio ya kesho. Mimi nitatumia cha meno manne. Akanishukuru! Alipotoka nikahamisha mkanda wa mashine kwenye puli ya mwendo wa kasi, kidogo tu, ili bushi zake zitoke na mawimbi zaidi ya zangu. Hakuna ubaya hapo. Ukingo mbaya haujamuua mtu.

Ijumaa, 10 Novemba

Naandika kwa shida.

Bwana Amri alifika na mwenyekiti wa kijiji. Novatus ndiye aliyeanza. Alifunga bushi kwenye jiliwa, akaikaza, akawasha. Nikaona uso wake ukishtuka kwa ule mwendo. Akanyoosha mkono kuzima. Hakuwahi. Kabaidi ikagusa chuma, ikapasuka kwa mlio kama wa risasi, hata mwenyekiti akalala chini akidhani nduli amefika Biharamulo.

Novatus alibaki amesimama. Ameshika jicho la kushoto, damu inapita katikati ya vidole. Aliuliza tu, "Bushi imeharibika?"

Deodata akaja mbio kutoka shamba la ushirika na jembe bado mkononi. Tumempakia Novatus kwenye gari la Bwana Amri. Tukamlaza juu ya turubai, kwa sababu machela hakuna. Machela ndizo tulizokuwa tunatengeneza.

Jioni nimekwenda karakana peke yangu, nimerudisha mkanda kwenye puli yake.

Lazima niseme ukweli hapa, maana ni shajara yangu: kosa ni la nduli. Asingevuka mpaka, tungekuwa tunatengeneza bawaba za madirisha.

Jumamosi, 11 Novemba

Bwana Amri amerudi. Jeshi halisubiri, kasema. Bushi ziko wapi?

Nikaenda nyuma ya jenereta, nikainama, nikapiga ukelele. Kisu cha jino moja! Kilikuwa hapa! Nilikuwa nimekitoa kwenye maharage asubuhi. Generoza alinitazama nikikifuta vumbi la maharage.

Nimefanya kazi kutwa nzima. Mwendo wa polepole, mafuta kidogo, kisu kikala taratibu. Sijawahi kuona kingo nzuri kama hizo. Hata mimi nilisahau kwa muda jinsi zilivyopatikana. Bwana Amri akapitisha kidole kwenye kila mdomo, akaingiza pini, akaitoa, akaingiza tena akiwa amefumba macho. Akasema kwamba wilaya nzima hajaona fundi kama mimi. Akaandika jina langu kitabuni mwake, akapiga mstari chini yake.

Fundi muhimu! Goti langu limepona palepale.

Jumapili, 12 Novemba

Kanisani nimekaa mbele. Padre ameombea majeruhi. Watu wakageuka kumtazama Deodata, naye akanigeukia mimi. Nimefungua kitabu cha nyimbo.

Baada ya misa kaniuliza, "Kaka, kisu kilikuwa wapi?"

Nikasema nyuma ya jenereta.

"Novatus alipepeta hapo. Kwa ungo wangu."

Nikasema vumbi la chuma hudanganya macho. Mara nikakumbuka habari ya macho, nikaanza kuzungumzia mvua. Ametangulia nyumbani. Desturi yake ni kunialika chakula cha Jumapili. Leo hakunialika.

Jumatatu, 13 Novemba

Habari mbili, zote mbaya, ya pili mbaya zaidi.

Ya kwanza: jicho la Novatus limeondolewa. Jingine ni zima. Atarudi kesho.

Ya pili: Bwana Amri amesimama mbele ya kijiji kizima na kutangaza kwamba jeshi linaanzisha karakana yake lenyewe karibu na Kyaka, kutengeneza machela na magari kule kule mstari wa mbele. Linataka fundi bora kuliko wote wilayani. Akanyoosha mkono kwangu. Watu wakapiga makofi. Vigelegele pia! Mwenyekiti akanikumbatia, akasema kijiji kinajivunia.

Nikamfuata Bwana Amri hadi kwenye gari. Nikamwambia aliahidi kwamba fundi muhimu anabaki. Akasema ndivyo, na atabaki: Novatus, maana mgambo hawachukui mtu wa jicho moja. Nikamweleza habari za goti. Akaniambia nikikaa kwenye mashine sitahitaji goti.

Nimerudi nyumbani nikamwambia Generoza. Alikuwa anachagua maharage. Akaendelea kuchagua.

Jumatano, 15 Novemba

Lori limekuja asubuhi. Tulikuwa wengi, mgambo wa vijiji vyote vya huku hadi Nyabusozi. Wengine wanaimba, wengine wanatapika.

Novatus alikuja kuniaga, kitambaa kimezunguka nusu ya uso. Anatembea ameinamisha bega kama mtu anayesikiliza kitu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kasema kule kutakuwa na mashine kubwa, nisiogope, ila nikague puli kabla sijawasha, kwa sababu siku ile yeye hakukagua na anajilaumu. Anajilaumu yeye! Nikamwambia asijilaumu sana. Nadhani lilikuwa neno jema kutoka kwangu.

Deodata alingoja hadi mumewe asogee. Akapanda juu ya gurudumu ili midomo yake ifike sikioni mwangu. "Generoza ameniambia. Novatus hajui, na sitamwambia, kwa sababu anakupenda. Nenda, kaka. Ukirudi usije kwangu."

Akashuka. Lori likaondoka. Nilitaka kumjibu, lakini barabara ya kwetu ni mbaya, mtu akifungua kinywa anajiuma ulimi.

Jumapili, 10 Desemba

Kambini, kusini ya mto. Mvua, matope, mizinga kutoka ng'ambo. Sijaandika muda mrefu.

Karakana ni turubai, mashine kubwa, na visu vya kila aina. Tuko mafundi wawili: mimi na Audax, Mhangaza wa Ngara, kijana mpole anayegawa sigara zake. Jana walileta machela iliyorudi kutoka mtoni. Bushi ilikuwa ya kwangu, naijua kazi yangu. Pini iliingia vizuri. Aliyelala juu yake alikuwa amekufa hata hivyo. Tukaiosha, tukaipaka mafuta, ikarudi kazini. Usingizi umenikataa tangu jana.

Leo sajenti ametangaza kwamba daraja lililobomolewa likitengenezwa, fundi mmoja atavuka na vifaru na mwingine atabaki hapa. Sasa nimekwisha jua mambo ya jeshi. Jeshi humpeleka mbele fundi bora! Nikamvuta sajenti pembeni. Nikamwambia kwa moyo mweupe kwamba Audax ndiye fundi bora wa Kagera nzima, mimi kando yake ni mchoma bati tu. Nikamwonyesha kingo alizochonga. Nikamsifu mpaka koo likanikauka.

Sajenti akasikiliza. Akapitisha kidole kwenye bushi. Akasema nimemsaidia sana, alikuwa hajui la kufanya. Basi huyo aliye bora abaki hapa kwenye mashine, ndipo alipo na faida. Mchoma bati atavuka.

Sina kosa lolote. Mpango ulikuwa safi. Ni jeshi lisilo na msimamo. Lakini sijashindwa. Audax amekohoa mara kadhaa leo. Kesho nitakwenda kwa daktari wa kambi, nimweleze kwamba kikohozi hicho hakina dawa ila hewa ya ng'ambo ya mto.