Kitinda, Mwanafunzi Wangu Bora

Jumatatu, 9 Machi

Tableti zimefika. Maboksi mawili, na Mwalimu Mkuu amezunguka nayo uwanjani kama aliyejifungua. Ametutangazia katika chumba cha walimu kwamba sasa kila mtoto atajifunza kwa mwendo wake. Mwepesi akimbie, mzito ashikwe mkono. Programu inampima mtoto, inampa maswali yanayomfaa, na jioni inamtumia mzazi ujumbe. Ijumaa anakuja mkaguzi, na wazazi wataalikwa. Mwalimu atakayekuwa amemnyanyua mtoto wa nyuma kuliko wenzake wote atateuliwa Msimamizi wa Tableti.

Msimamizi anapewa kile chumba kando ya stoo. Kina feni. Kina kufuli. Kina kiti cha kuzunguka! Miaka yote hii nimesahihisha madaftari kwenye pembe ya meza ya walimu, kiwiko changu kikigombana na birika la chai. Kiti kile ni changu, ila bado hawajaambiwa.

Mpinzani ni mmoja tu: Bi Miwani, wa darasa la nne la pili. Mpole, hana makuu, na miwani yake ni minene kama kitako cha glasi. Leo alikwisha kukaa chini na watoto wake, mmoja mmoja, akiwauliza nini kinawashinda. Nilimwonea huruma. Kwa mwendo ule Ijumaa itamkuta anawafundisha kuwasha.

Mimi nina mpango. Mtoto wa kweli hategemeki. Anaumwa, anasahau, anakuja bila kiatu kimoja. Nahitaji mtoto anayenisikiliza, kwa hiyo nimemsajili wa kwangu. Hayupo, lakini programu haijui. Wiki inaanza akiwa wa mwisho, wiki inakwisha akiwa wa kwanza, na katikati nipo mimi.

Programu ikadai jina. Nikaandika Kitinda. Ndivyo Mama anavyoniita mimi, kitindamimba wake, na sikuwa na jina jingine kichwani. Ikadai namba ya mzazi. Nikaweka ya Mama. Mama hasomi ujumbe.

Kipimo cha kwanza nimekosa kwa makusudi. Maswali machache nilijaribu kupata, nikakosa vilevile. Maandishi ya programu hii ni madogo kupita kiasi. Walioitengeneza hawawapendi watoto.

Jumanne, 10 Machi

Mama anasoma ujumbe.

Nimerudi nikamkuta kwenye kochi, simu mkononi. Amenisomea kwa sauti, taratibu. Mzazi wa Kitinda, mtoto wako amepata mawili kati ya kumi katika hesabu za sehemu, anahitaji msaada wa karibu nyumbani. Hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tangu nikiwa mdogo alijua sehemu hazikuniingia. Akasema shule imefanya vizuri sana kuanza kuwapima na walimu.

Nilitaka kumweleza. Lakini Mama na mke wa Mwalimu Mkuu wanasukana nywele, na hakuna siri iliyowahi kutoka salama katikati ya vichwa vile viwili. Nikajikaza kisabuni. Nikakubali kwamba ni kweli, shule inanipima.

Basi leo nimefanya kazi ya nyumbani mezani, Mama akichambua mchele mbele yangu. Runinga imezimwa. Chakula mpaka nimalize. Alisema wenzangu wenye miaka arobaini na mbili wanasimamia watoto wao kazi za shule, na wazazi wao wanabeba wajukuu. Yeye bado anamsimamia mtoto.

Nimepata matatu kati ya kumi. Leo nilikuwa najaribu. Kuna kisaa kinachokimbia pembeni mwa skrini, na nikishakiona sielewi tena kitu. Mkate umekatwa vipande vitatu, ukiangalia tena ni vinane. Mkate gani huo?

Darasani hakuna jipya. Binti wa dawati la nyuma, yule anayesoma neno kwa kulipapasa silabi moja moja, ameniuliza kama tableti inaweza kumsubiri. Nilimwambia tableti haimsubiri mtu. Nikampa ile yenye ufa awashikie wenzake.

Jumatano, 11 Machi

Mwalimu Mkuu amebandika matokeo ukutani, kando ya ratiba ya zamu. Kitinda yuko chini kabisa, kwa wino mwekundu. Nilifurahi. Kwenye mpango wangu ilikuwa apande kidogo, lakini aliye chini kabisa ndiye mwenye pa kupandia.

Kisha Bi Miwani akaja na kikombe chake cha chai. Akauliza Kitinda ni yupi. Nikasema ni mgeni, mwenye haya, anakaa nyuma, na leo hayupo. Akauliza kama naweza kumruhusu atazame makosa yake. Ningekataaje? Akayatazama kwa muda mrefu, kidole kikienda na mstari. Mimi jasho linanitoka na dirisha li wazi.

Akasema mtoto huyu hesabu anaijua. Palipoandikwa tatu amejibu kama ameona nane, palipoandikwa moja amejibu kama ameona saba, na kila kisaa kinapokaribia kwisha anabahatisha. Hashindwi na sehemu, alisema, anashindwa na kuona swali. Akaniomba nisimwite mzito kabla sijamsaidia. Papo hapo akaingia kwenye programu akambadilishia Kitinda mipangilio: maandishi makubwa, swali lisomwe kwa sauti, kisaa kiondolewe.

Nilimshukuru kwa ubaridi. Mtu hamshukuru mpinzani kwa moyo wote.

Jioni, mezani, mchele, Mama. Nikavaa spika za masikioni. Sauti ya mwanamke mmoja mpole ikanisomea swali zima mpaka mwisho, na nilipoiomba irudie ikarudia bila kuguna. Maandishi makubwa kama ya duka la dawa. Tisa kati ya kumi! Mama alipopata ujumbe alinikumbatia, akaniwekea minofu miwili. Sikulala njaa, na sikulala mnyonge.

Ni wazi kwamba kipaji kilikuwapo. Kilihitaji kuchokozwa tu.

Alhamisi, 12 Machi

Mkasa mdogo darasani. Nilikuwa namfanyia Kitinda kazi yake nyuma ya daftari la mahudhurio, watoto wakinakili ubaoni, na spika za masikioni zikachomoka. Yule mwanamke akatangaza darasa zima: Kitinda, hongera, sasa tuendelee na swali la pili. Vikazuka vicheko. Wakataka kujua Kitinda ni nani. Nikasema ni mwanafunzi mwenzao anayesomea nyumbani. Wakaniuliza kama ni mgonjwa. Nikasema kidogo. Kiranja akapitisha kofia ya kumchangia peremende, na zimeletwa mezani kwangu. Nimekula mbili.

Wakati wa mapumziko binti wa dawati la nyuma hakutoka. Alisimama mbele ya meza akipindapinda ukosi. Akasema anaomba na yeye awekewe ile sauti ya Kitinda, kama Kitinda hatakasirika.

Nikamwekea, ili aniache. Maandishi makubwa, sauti, bila kisaa, kwa jina lake mwenyewe. Akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akawa anasikiliza huku kidole kinafuata maneno na midomo inatembea. Kengele ililia hakuisikia. Akaja na tableti kunionyesha. Nane kati ya kumi. Akanisomea swali la mwisho yeye mwenyewe, sentensi nzima, bila kupapasa. Mwaka mzima sijamsikia akimaliza sentensi.

Nikajifuta macho. Vumbi la chaki, bila shaka. Nikamwambia vizuri sana, arudi akakae, nina Kitinda wa kushughulikia.

Jioni kumi kati ya kumi. Kitinda amepanda kuliko mtoto yeyote wa shule nzima. Nimeangalia programu mara nyingi mpaka chaji imekwisha. Nimeanza kuwaza pazia la rangi gani litakaa vizuri kwenye dirisha la chumba kile.

Ijumaa, 13 Machi

Naandika kwa shida. Nitajaribu kwenda kwa mpangilio.

Mkaguzi alifika na mkoba. Wazazi walijaa ukumbini. Mimi mstari wa mbele, tai mpya. Bi Miwani pembeni yangu, amebeba tableti za watoto wake kwenye beseni. Mwalimu Mkuu akasoma jina la mtoto aliyepanda kuliko wote. Kitinda. Nikasimama, nikainama, nikapigiwa makofi. Yalikuwa matamu mno, na naapa kwa dakika hiyo moja nilimpenda yule mtoto kama wa kwangu.

Kisha Mwalimu Mkuu akasema mzazi wa Kitinda yupo, apite mbele.

Sikuwa nimeifikiria hiyo. Programu ilimwalika! Mama alitokea viti vya nyuma, gauni lake la bluu, mkoba kwapani, anatembea kama bibi harusi. Wazazi wakampisha. Mkaguzi akampa mkono, akauliza mtoto yuko wapi. Nilianza kueleza habari za homa. Mama akanyoosha kidole na kusema yule pale, mwenye tai, akae wima aonekane.

Watu walidhani hajaelewa swali. Mwalimu Mkuu akamweleza kwa heshima kwamba yule ni mwalimu. Mama akasema anajua ni mwalimu, ada yake amelipa yeye. Akatoa simu, akawasomea ujumbe wote tangu Jumatatu, kwa sauti, taratibu, pamoja na ule wa mawili kati ya kumi. Halafu akasoma mmoja ambao mimi sikuwahi kuujua. Bi Miwani alikuwa amemwandikia mzazi wa Kitinda kwamba mtoto apelekwe akapimwe macho.

Mama akasema kunipeleka asingeweza, mimi mkaidi tangu utotoni, basi amenunua ya kujaribia. Akafungua mkoba. Akanivika miwani mbele ya ukumbi mzima, akanifuta na jasho kwa pembe ya kitambaa chake.

Nikaona. Hilo silikatai. Nilimwona Mwalimu Mkuu hadi mshipa wa shingo. Nilimwona Bi Miwani ameuma mdomo, mabega yanatikisika. Nyuma kabisa nilimwona binti wa dawati la nyuma, ana pengo la jino nisilowahi kulijua, anamwambia mwenzake kwa mshangao kwamba kumbe Kitinda ni mwalimu. Hakuwa anacheka. Alikuwa anapiga makofi.

Mkaguzi alicheka mpaka akaomba maji. Nadhani hayo maji ndiyo yaliyookoa kazi yangu.

Jumamosi, 14 Machi

Nimeitwa kwa Mwalimu Mkuu ingawa ni siku ya mapumziko. Amesema mengi. Sitayaandika.

Moja nitaliandika kwa sababu linaniwasha. Mkaguzi alipomwondoa Kitinda kwenye orodha, aliyefuata kwa kupanda shule nzima alikuwa binti wa dawati langu la nyuma. Mtoto wa kweli. Wa darasa langu. Mwalimu Mkuu amesema ningekaa kimya tu, nimlete yule binti mbele, leo ningekuwa nakalia kiti. Lakini yule binti alipoulizwa nani amemsaidia, alisema Kitinda. Na Kitinda alipoulizwa nani amemsaidia, Mama alijibu kwa niaba yangu kwamba ni huyu mwalimu mwenye miwani, Mungu ambariki.

Chumba amepewa Bi Miwani. Feni, kufuli, kila kitu. Mimi kila Jumanne baada ya vipindi nitakwenda humo kufundishwa na yeye namna ya kutambua mtoto anashindwa na nini. Nimempita mlangoni akipanga spika za masikioni. Akaniambia bila kejeli kwamba nikimaliza zoezi la kwanza nitaruhusiwa kukaa kwenye kiti na kuzunguka mara moja. Niligeuka nikaondoka. Sipangiwi hivyo.

Inategemea zoezi lenyewe lina maswali mangapi.

Jumapili, 15 Machi

Nimetafakari siku nzima, na nimekubali kosa langu. Lilikuwa moja tu: kumpa yule mtoto mama yangu.

Mpango wenyewe ulikuwa safi. Na muhula ujao, nimesikia, atatafutwa Msaidizi wa Msimamizi. Hapewi chumba, lakini anashika ufunguo wa akiba, na mwenye ufunguo hakosi pa kukaa. Kwa hiyo nimesajili wawili. Pacha. Mmoja ataanza chini kabisa, mwingine chini kidogo, ili wasifanane sana. Jina la mzazi nimeweka langu, namba nimeweka yangu, na ujumbe wote utaingia kwenye simu yangu mimi. Za mwizi arobaini, lakini hapa hakuna wizi, ni usajili tu.

Miwani ipo kwenye droo. Sikuihitaji. Programu yenyewe iliniletea namba zilizowahi kutumika, kwa yale maandishi yao ya mchwa, nikaigusa yangu. Yangu na ya Mama zinafanana mpaka karibu na mwisho, maana laini tulinunua siku moja, lakini mtu hakosei namba yake.

Nimebonyeza. Imekubali. Rahisi hivyo.

Simu ya Mama imelia jikoni. Ni kawaida, ana marafiki wengi.

Ameacha kukatakata vitunguu. Sasa ananiita. Kwa sauti ya furaha ambayo sijaisikia humu ndani tangu Baba akiwa hai, anauliza hao pacha mama yao ni nani, na kwa nini nimewaficha mpaka wamefika darasa la nne.