Golovania Ni Nchi Yangu

Jumatatu, tarehe 8

Nina hasira. Naandika ili nisipige ukuta wa chumba cha walimu, maana plasta yake imeshaanza kudondoka.

Mwalimu mkuu ametangaza Siku ya Dunia Yetu. Ijumaa hii. Kila darasa lichukue nchi moja ya mbali, watoto wajifunze watu wake wanaishije, wanasalimianaje, wanaimba nini. Wakue wakijua kwamba dunia haiishii kwenye geti la shule. Mkaguzi atakuja kuangalia. Halafu likaja neno lenyewe: mwalimu atakayefanya vizuri kuliko wote atakuwa mratibu wa masomo ya dunia, na atapewa ile stoo ya pembeni iwe ofisi yake. Ina dirisha. Ina kitasa!

Mimi nasahihishia madaftari juu ya sanduku la mipira, nyuma ya mlango. Kila anayeingia ananigonga kiwiko. Alama zangu za vyema zote zina mkia mrefu hadi ukurasa wa pili. Stoo ile ni haki yangu.

Tatizo ni kitabu cha ramani cha shule. Kimechanika, kurasa zilizobaki ni za kuhesabu. Zamu ikaanzia upande wa pili wa meza, na wa kwanza kuchagua akawa Bi Nimefika. Huyu ni mwalimu wa darasa la tatu. Tulimpa jina hilo kwa sababu hakuna mahali utakapopataja asikwambie amefika. Zamu iliponifikia, nchi zilikuwa zimekwisha. Bi Nimefika akauliza, kwa huruma, kama nisaidiwe. Nisaidiwe, mimi! Nikasema sihitaji, mimi nafundisha Golovania. Jina lilinitoka lenyewe.

Mwalimu mkuu akasema vizuri sana, nchi hiyo wengi hawaijui.

Wataijuaje? Haipo.

Jumanne, tarehe 9

Kazi imekwenda vizuri. Ukiwa na nchi isiyokuwepo, hakuna wa kukusahihisha. Sijui kwa nini walimu wengine wanajitesa na zile zilizopo.

Nimewafundisha darasa la nne kwamba Wagolovania husalimiana kwa kushikana sikio la kulia. Wakila hupeana migongo, mtu asije akauonea wivu mnofu wa mwenzake. Bendera yao ni kijani na kahawia, kwa kuwa rangi nyingine zimekauka koponi. Mtoto mmoja akauliza kama kule wapo walimu. Nikamjibu wapo, na kila mmoja ana ofisi.

Nyumbani mke wangu akaniuliza Golovania ni wapi. Nikamwambia mbali sana. Akasema basi ningehamia.

Jumatano, tarehe 10

Bi Nimefika amefika Golovania.

Naandika tena, labda mkono utaamini. Amefika. Alipita mlangoni kwangu, akaona watoto wanasalimiana, akacheka kicheko chake cha puani. Akaingia bila hodi. Akawaambia wanafunzi wangu, mbele yangu, kwamba sikio la kulia ni la msibani. Watu wakiwa na furaha hushikana la kushoto. Eti alikaa kule kwa mama mmoja mnene, mkarimu ajabu, na hadi leo wanatakiana heri.

Mwongo! Asiye na haya! Nchi nimeitunga mimi, kwa kichwa changu, juu ya sanduku la mipira, halafu mtu anakuja kunisahihisha! Nikisema hajafika, ataniuliza nimejuaje.

Na hayo ni madogo. Jioni binti yangu, ambaye kwa bahati mbaya yuko darasa la tatu, alinipokea kwa kunishika sikio la kushoto. Nikamwambia ni la kulia. Akaniambia nimsamehe, baba, lakini mwalimu wao amefika. Kikulacho ki nguoni mwako. Mama yake naye akalishika la kushoto, kwa kunikomoa tu.

Alhamisi, tarehe 11

Vita. Wakati wa mapumziko darasa la nne na darasa la tatu wamevutana masikio uwanja mzima. Wa kulia wanawaita wa kushoto washenzi. Wa kushoto wanawaita wa kulia wafiwa. Mmoja wa kwangu alirudi darasani na sikio jekundu, akaniambia hakukana. Nilijivuna kidogo.

Mwalimu mkuu akatuita sote wawili. Akauliza imekuwaje somo la kupendana na watu wa mbali likazaa ngumi za watu wa hapa hapa. Bi Nimefika akajibu kwa sauti ya asali kwamba watoto wangu wasilaumiwe, maskini, wao wamefundishwa mambo ya vitabuni.

Vitabuni! Kitabu gani?

Lakini nimepata dawa yake. Kesho, mbele ya mkaguzi, nitamwomba Bi Nimefika atutajie mto mkuu wa Golovania. Lazima ataje, hajui kunyamaza. Akishataja tu, nitatangaza kwamba Golovania haina mto hata mmoja, ni nchi kavu, kila mtoto wa darasa la nne anajua. Njia ya mwongo ni fupi. Mimi nitakuwa nimesimama pale inapoishia, namsubiri.

Leo nimepima dirisha la stoo. Pazia la chumbani kwetu linatosha.

Ijumaa, tarehe 12



Darasa langu liling'ara. Waliimba, walikula kwa kupeana migongo, wazazi wakapiga makofi. Mkaguzi alifurahi mpaka akakubali kushikwa masikio yote mawili. Nikaona wakati ndio huo. Nikasimama, nikamwomba Bi Nimefika, kwa vile amefika, atutajie mto.

Hakupepesa jicho. Akasema mto ulikuwepo. Zamani. Yeye alipofika alikuta mchanga mtupu, na akina mama wamekaa kando yake wakiuimbia urudi. Akauimba wimbo wenyewe! Beti zote! Mzazi mmoja safu ya mbele akatoa leso. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa majonzi, akasema habari za ukame ule aliwahi kuzisikia.

Hapo nikapasuka. Nikapanda juu ya benchi, nikasema Golovania haipo. Nikarudia, kwa sauti ya mstarini. Haipo, haijawahi kuwepo, nimeitunga mimi Jumatatu kwa sababu kitabu cha ramani kimechanika!

Mwanafunzi wangu aliyebeba bendera akaanza kulia. Hapo moyo uliniuma kweli, siwezi kusema uongo.

Mwalimu mkuu akanishusha kwa mkono. Akasema hakulitegemea hili kutoka kwangu. Siku ya kuwafunza watoto kuheshimu mataifa mengine, mwalimu mzima anasimama kulifuta taifa la watu, tena lenye ukame, kwa sababu tu mwenzake analijua zaidi! Mkaguzi akaongeza kwamba chuki huanza hivyo hivyo. Bi Nimefika alijifuta jicho ambalo halikuwa na chozi.

Stoo kapewa yeye. Kabla sijatoka getini nilimsikia akijaribu kitasa.

Jumatatu, tarehe 15

Nimeomba radhi. Mstarini, mbele ya shule nzima, kwa wananchi wote wa Golovania. Bi Nimefika aliupokea msamaha kwa niaba yao, kwa sikio la kushoto. Alivuta. Linawaka hadi sasa.

Mke wangu amenikalisha chini. Ameniambia nishike adabu, nitafute kitabu kizima cha ramani, nifundishe nchi zilizopo, na huyo mama nimwache na stoo yake. Binti yangu akaitikia kwa kichwa. Nikakubali. Nikaahidi kabisa, mkono kifuani.

Leo mapumziko nimekaa juu ya sanduku la mipira, nikalitafakari kosa langu kwa utulivu, bila hasira. Nimeliona. Niliwaachia mwanya: sikuwahi kusema nimefika.

Kesho darasa la nne wanaanza nchi mpya, Vodrania. Inapakana na Golovania kwa upande wa juu, na wao ndio waliouziba ule mto, kwa makusudi. Wanashikana sikio la kulia tu. Wana jeshi kubwa. Na safari hii siulizwi kama nimefika. Nimezaliwa huko.